Siku Niliyotolewa Ukumbini

Madrasa nilitoroka nikiwa na juzuu moja na nusu kichwani na alama za bakora mgongoni. Nalisema hili mapema ili ijulikane aliyekuwa akishindana ni nani hasa. Binti yangu alipoanza kuhifadhi Qur'ani akiwa na miaka sita, mimi, fundi friji wa Tandika, niliona Mungu amenirudishia kile nilichokitupa mwenyewe.

Kila siku baada ya swala ya alfajiri tulikaa mkekani, kabla sijaenda kufungua kibanda changu. Yeye anasoma kwa moyo, mimi nimeshika msahafu namfuatilia kwa kidole. Akikwama sikumkatiza kwa sauti, maana najua uchungu wa kukatizwa. Niliianza ile aya kwa midomo tu, kimya, naye akinitazama anaikumbuka na kuendelea. Niliuona huo ni upole. Sikujua kwamba namzoesha kuzitafuta aya usoni kwangu.

Shindano lake la kwanza lilikuwa msikiti wa mtaani kwetu. Alikuwa na miaka minane na juzuu mbili kati ya thelathini. Akashinda, akapewa feni ya kusimama iliyomzidi kimo. Watu walipiga takbir, wazee wakanishika mkono, nami kichwa kikavimba. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukaniita baba wa hafidhi. Mtoto hakuwa hafidhi bado, alikuwa na safari ndefu, lakini sikumsahihisha mtu.

Kisha ikaja mialiko. Huku kwetu hafla ya hisani haifunguliwi bila Qur'ani, na mtoto mdogo mwenye sauti nzuri huwalainisha watu mioyo kabla sinia la michango halijapita. Tulikwenda Chanika kuchangia kituo cha yatima, tukaenda Mbweni kwenye futari ya wajane, tukaenda Segerea walikokuwa wanachimba kisima cha madrasa. Sikukataa hata mwaliko mmoja. Kule Chanika mgeni rasmi alichelewa kweli kweli, na binti yangu akamsubiri kwenye kiti cha plastiki, na hijabu yake nyeupe, mpaka akasinzia. Nilimwamsha kwa kumpangusa uso na maji ya chupa. Alisoma vizuri tu. Mama mmoja aliyekaa mbele alilia, akavua bangili yake akaiweka kwenye sinia.

"Mwanao amechoka, baba watoto," mke wangu aliniambia jioni ile. "Kila Jumapili yuko kwenye maturubai ya watu. Mwache naye acheze."

"Samaki mkunje angali mbichi. Halafu hizi ni thawabu."

"Thawabu za nani?"

Nikajifanya nimebanwa na simu.

Alipofika juzuu tano, akiwa na miaka tisa, nilimwandikisha mashindano ya mkoa. Asubuhi ya siku yenyewe, mama yake akimfunga hijabu kwa pini, mtoto aliniuliza nitakaa wapi. Nikamwambia tumetengewa wazazi safu ya mbele. Akatabasamu, akamaliza chai yake yote, na hiyo haikuwa kawaida yake siku za mashindano.

Utaratibu wake ni huu: jaji anasoma mwanzo wa aya, mtoto anaendeleza kutoka pale. Akikosea, kengele inagongwa. Maswali mawili ya kwanza aliyamaliza bila kengele, na ukumbi ukaanza kunong'ona kwa furaha. Kwenye la tatu akasita. Akanitazama. Midomo yangu ikaenda yenyewe, naapa sikuiagiza, naye akaendelea kusoma. Jaji wa pembeni akanigeukia, akaniangalia kwa muda, kisha akamwita msimamizi. Msimamizi alikuja akainama sikioni kwangu.

"Baba, samahani. Naomba ukamsubirie mtoto nje."

Nilitoka mbele ya kadamnasi ile, kanzu yangu mpya ikinasa kwenye viti. Hakunizomea mtu. Nafikiri wangenizomea ningepata nafuu.

Nje kulikuwa na spika ukutani. Nikamsikia jaji akisoma mwanzo wa swali la nne. Kimya. Akausoma tena, taratibu zaidi. Sauti ya binti yangu ikaanza, ikafika maneno mawili, ikakatika, kengele ikagongwa. Jaji akausoma mara ya tatu, na safari hii sikusikia kitu kabisa, hata kikohozi. Aya ile alikuwa ananisomea huku anafunga viatu. Mwisho jaji akasema, "Ahsante, mwanangu, unaweza kushuka."

Tulirudi kwa bajaji. Ningeweza kunyamaza, lakini aibu ilikuwa inaniwasha mwili mzima, na aliyekuwa karibu nami ni yeye.

"Umenitia aibu mbele za watu," nikamwambia.

"Nilikuwa sikuoni, baba."

"Kwani Qur'ani ipo usoni kwangu?"

Nyumbani mke wangu akauliza kulikoni. Nikasema mtoto amefanya mzaha, hakujiandaa, ameishia njiani. Habari za kutolewa nje sikuzigusa. Binti yangu alikuwa amesimama pale pale mlangoni na juisi waliyogawiwa washiriki, na hakunikanusha. Mama yake akamtazama, akanitazama, akaenda kumvua hijabu.

Kesho yake alfajiri nilitandika mkeka, hakuja. Nikadhani ni hasira za kitoto, zitakwisha. Madrasa hakuacha. Aliendelea miaka na miaka, na mwaka jana, akiwa na kumi na sita, alimaliza kuhifadhi Qur'ani nzima. Nimeambiwa na ustadhi wake. Mimi sijamsikia. Humsomea mama yake jikoni, huwasomea wenzake, nami nikiingia anashusha sauti, anafunga kisomo, anasema, "Shikamoo, baba." Adabu zake hazina kasoro. Nimewahi kuomba angalau siku moja anijibu vibaya.

Ramadhani iliyopita, baada ya futari, tulibaki wawili tukitoa vyombo. Nikaona nikichelewa nitazikwa nalo.

"Siku ile waliyemtoa nje ni mimi, kwa sababu ya midomo yangu," nikamwambia. "Wewe hukukosea kitu. Nilimdanganya mama yako. Nisamehe."

"Najua, baba. Niliwaona walivyokuja kukuchukua."

"Mbona hukusema?"

"Ungeonekana mwongo." Alikuwa anapanga vikombe kwenye trei. "Nilishakusamehe zamani."

Nilishukuru, nikapata ujasiri. Nikamwomba anisomee, aya mbili tu, popote anapotaka yeye. Akaacha vikombe, akanigeukia. Nilimwona anajaribu. Alifungua kinywa, akanitazama, akakifunga.

"Siwezi, baba. Nikikuona, koo linajifunga. Nimejaribu sana, hata wewe ukiwa umelala."

Nikamwambia basi, si neno. Nadhani uso wangu ulinisaliti, maana alinisogelea akanishika mkono, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu udogoni.

"Usihuzunike," akasema. "Mie nitakusomea ukifa. Nitakusomea yote."

Alikuwa ananifariji. Nikaitikia amin.