Shimo Nyuma ya Jikoni

Niliitika. Hilo ndilo kosa langu, na sitafuti mtu mwingine wa kulibeba. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, alikuja na jiwe la kijani la madini ya shaba mfukoni, akaliweka juu ya meza yangu hapa Shituru, mtaa wa Likasi, akaomba ruhusa ya kuchimba nyuma ya jikoni.

"Papa, ni shimo moja tu ya kujaribu. Kama hakuna kitu, tunafunga."

Kwetu kila mtu amesikia habari za fulani aliyepata shaba chini ya ua wake. Mimi nilishika kalamu miaka yote katika bohari ya kampuni ya madini, sikushuka mgodini hata mara moja, lakini siku ile nilijiona naijua ardhi. Nikasema, "Aya, chimbeni."

Dada yangu mkubwa, mjane, ninayemwita yaya, alikuwa akikaa kwangu katika vyumba viwili vya nyuma. Alikuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya mihogo.

"Mudogo," akaniuliza, "weye unatafuta kuzika nani mu hii shimo?"

Wachimbaji aliokuja nao shemeji walicheka. Nami nilicheka pamoja nao.

Walichimba miezi mitatu, wakatoa mawe ambayo hakuna mnunuzi aliyeyataka. Mvua za kwanza zilipojaza maji shimoni, shemeji alikusanya kamba zake akaenda, bila kufunga kitu. Njia moja ya chini kwa chini ilikuwa imepita hadi chini ya vyumba vya yaya. Ukutani mwake pakatokea ufa. Nikaupaka chokaa.

Nisingefikiria bima kama nyumba ya jirani isingeungua. Umeme ulikatika, kisha ukarudi mchana kwa nguvu ya ghafla, na dari ikashika moto. Jioni familia nzima ilikuwa uani kwangu na godoro moja waliloliokoa. Nyumba hii niliinunua kwa kampuni nilipoacha kazi. Sina mali nyingine. Kesho yake nikaenda kuomba bima ya moto.

Wakala alisema atatuma mkaguzi. Hapo nikaongeza kosa juu ya kosa: nilifunika shimo kwa mbao na bati, nikaanika mihogo juu yake. Mkaguzi akaja, mtu mzima mwenye tumbo, akapiga picha za paa na nyaya. Alipopita nyuma ya jikoni, bati likalia chini ya kiatu chake.

"Papa, chini ya hii mihogo kuko nini?"

"Kisima."

"Kisima ya kuanikia mihogo?"

Yaya akadakia kutoka mlangoni, "Na maji yake haiyaonekana tangu ichimbwe!"

Mkaguzi alicheka, akafunga daftari. Barua ya kunikataa ilikuja wiki ileile. Katika ofisi ya pili nilisema ukweli wote tangu mwanzo. Walinishukuru kwa ukweli, nao wakanikataa.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mwenye ofisi ndogo karibu na soko. Kazi yake ni kuwatafutia watu bima katika kampuni mbalimbali. Alisoma barua zangu, akavua miwani.

"Papa, batu hawakatai nyumba yako. Wanakataa shimo. Tutenganishe ile vitu mbili."

Akanieleza polepole. Hatari ya ardhi kuzama hakuna atakayeibeba, nisichakaze viatu kuitafuta. Lakini alijua kampuni moja inayoweza kukubali moto, radi na upepo peke yake, kwa masharti: shimo lijazwe vizuri, mpima ardhi aandike barua kwamba limejazwa, na chochote kilichosimama juu ya ile njia ya chini kibomolewe.

"Ni vyumba vya yaya yangu," nikamwambia.

"Basi ongea naye mbele ya kuleta nyundo."

Mpima ardhi nilimpata kirahisi, mstaafu mwenzangu wa kampuni. Alisimama juu ya shimo akinitazama kana kwamba nilimwibia kitu.

"Mukubwa, mu bohari ulikuwa unanyima batu hata musumari moja bila saini. Na huku? Nani alitia saini?"

Alisimamia kazi siku nne: udongo kidogo, kushindilia, udongo tena, kushindilia. Hakuruhusu takataka wala magogo. Kisha tukabomoa vyumba viwili, nami nilishika nyundo mwenyewe.

Karatasi ya bima ilifika kabla ya Krismasi. Mama yule alinisomea kila mstari, hata ule unaosema ardhi haimo, akahakikisha nimeelewa. Wiki ile radi zilipiga kama zinavyopiga Likasi. Zamani, ngurumo ya kwanza tu ingenitoa mezani, nikachomoa nyaya zote na kusimama mlangoni na mfuko wa hati. Safari hii nilichomoa nyaya, nikarudi kukaa, nikamaliza bukari yangu, ugali wetu, ingali moto. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kula mvua ikinyesha. Mabega yangu yalishuka yenyewe. Nilimshukuru Mungu, na yule mama pia.

Kabla ya kushika nyundo nilikuwa nimempa yaya chumba changu, mimi nilale sebuleni. Alikitazama, akapiga sakafu kwa kisigino.

"Hapana, mudogo. Minye sina hasira. Lakini nikilala hapa, masikio yangu inabaki chini, inasikiliza udongo."

Akaenda kwa binti yake, katika kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele. Huwa namtembelea. Ananipikia samaki, ananitania, na kila nikimwomba arudi anabadilisha maneno. Nyumba imesimama na ina bima, na ninashukuru kwa kweli. Lakini neno lile moja, "chimbeni", liliniondolea vyumba viwili na dada yangu aliyekaa ndani yake. Tungezeeka pamoja. Sasa nazeeka peke yangu.