Kabureta Yangu na Nyama ya Bibi

Mpaka leo nikipita njia ya Baushar nakiteremsha kile kibao cha gari cha kukingia jua hata kama jua liko mgongoni, nisionekane uso, kwa sababu kule kuna watu wasiopungua ishirini walioniona siku ile, na kila mmoja ana namna yake ya kuihadithia, na ubaya wake ni kwamba zote ni za kweli. Nimeona bora niihadithie mwenyewe. Aibu ninayo, sifichi, lakini ikitoka mdomoni mwangu inaniuma kidogo kuliko ikitoka midomoni mwa binamu zangu.

Mimi ufundi nimejifundisha mwenyewe. Mchana niko ofisini Khuwair nakagua fomu za watu, jioni niko chini ya boneti. Video moja naitazama mara nane huku naandika daftarini, na nikiandika vibaya nachana ukurasa naanza upya (Bibi yangu husema hata chai mimi naikoroga kwa kuhesabu, na si uongo). Basi pikapu yangu ilipokufa kompyuta, ile inayoamrisha nozeli zipulize petroli ndani ya injini, fundi mmoja aliniambia niiuze tu kama chuma chakavu. Nikaenda kweli kwenye chuma chakavu, lakini si kuuza. Nilirudi na kabureta kuukuu, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, iliyotoka kwenye pikapu ya zamani yenye injini kama yangu, nyeusi kwa masizi, boya limekwama, na ndani kuna mchanga wa miaka. Nikaipenda pale pale. Nikasema, kama zamani magari yalitembea bila kompyuta, na yangu itatembea.

Wiki tatu sikuwa na maisha mengine. Niliivunja mpaka sindano ya mwisho, nikavisugua vitundu vyake kwa mswaki wa dada yangu Zuwena (alikuwa hajui, sasa anajua), nikakata gasketi ya kuzibia isivuje mara nne kwa sababu tatu za mwanzo pembe zake hazikunipendeza. Na siku ilipowaka, wallahi, nilikaa chini nikaisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto akilala.

Ilibaki kasoro moja. Pampu ya asili ya pikapu inasukuma petroli kwa nguvu ya kuilisha mitambo ya kisasa, na ukiipa kabureta nguvu ile inafurika. Pampu ndogo niliyoiagiza ilikuwa haifiki mpaka baada ya Idi. Kwa hivyo nikaizima ile kubwa, nikatia dumu la petroli la lita ishirini juu ya stendi ya chuma nyuma ya kibanda cha dereva, shingo chini, na mpira ukateremka kutoka kwenye dumu mpaka kwenye injini, petroli inashuka yenyewe kama dripu ya mgonjwa. Ya muda tu. Nilizunguka mtaa mara kumi na moja na halikuvuja tone.

Sasa Idi ikaja. Wasiokaa huku kwa Waarabu niwaeleze: Idi bila shuwa kwetu si Idi. Nyama inapakwa viungo, inafungwa kwa majani makavu ya mgomba, inatiwa kwenye mapakacha ya makuti ya mtende, na inakwenda kuzikwa kwenye tanuri, shimo kubwa chini ya ardhi lililojaa makaa. Tanuri letu liko shambani Baushar, tunashirikiana nyumba tisa, na mwenye amri ni Ami Khalfan, ndugu yake marehemu babu. Likishakolea anapiga ukelele mmoja, wanaume wote wanakimbia na mapakacha begani, yanatupwa kwa pamoja, mfuniko unashuka, tope na mchanga juu yake, basi. Haliwezi kusubiri mtu, kwa sababu likikaa wazi makaa yanajila na nyama ya nyumba zote inatoka mbichi.

Na mwaka huu shuwa ya Bibi ilikuwa na kazi. Zuwena ameposwa, na wakwe watarajiwa walikuwa waje kula kwetu siku ya Idi tatu, mchana, mara ya kwanza. Baba yake mposaji, Mzee Hemed, alikuwa ameshasikia habari za viungo vya Bibi, viungo alivyokuja navyo kichwani kutoka Unguja na ambavyo hajampa mtu mpaka leo. Bibi alikesha siku tatu akisaga. Mkono unamuuma, lakini kila aliyetaka kumsaidia alifukuzwa jikoni.

Idi pili, baada ya alasiri, kaka yangu Suleiman akafungua buti ya gari yake. "Tia nyama humu, Harithi. Ile pikapu yako mgonjwa, inakunywa kwa mrija."

"Nyama inapanda pikapu," nikasema. "Pikapu kazi yake nini?"

"Kazi yake kukupotezea wikendi."

Ndugu zangu, hapa ndipo. Ningetia nyama kwenye ile buti, leo ningekuwa mtu wa kawaida. Lakini nilitaka wanaume wote wa Baushar wanione nikiingia na injini niliyoifufua kwa mikono yangu. Nikapanga mapakacha matatu nyuma, karibu na stendi, nikaanza kufunga turubali, na macho yangu yakaangukia klipu za ule mpira. Zilikuwa tatu. Mbili skrubu zake zimeangalia kulia. Moja, ile ya kwenye shingo ya dumu, imeangalia kushoto. Hapavuji kitu. Hakuna mtu duniani atakayeiona. Lakini mimi nimeshaiona, na mtu mwenye maradhi yangu akishaona kitu kama hicho anaweza kusoma dua ya safari na akili iko kwenye skrubu. Nikatoa bisibisi mfukoni (ndiyo, ndani ya kanzu ya Idi), nikailegeza, nikaigeuza ifanane na wenzake, nikaikaza. Halafu nikaongeza robo mzunguko kwa usalama. Nikasikia *tik* ndogo. Nikajiambia ni klipu imekaa. Kumbe ni shingo ya plastiki ya dumu imepasuka.

Nikalivuta turubali likafunika kila kitu, dumu na nyama, nikafunga mafundo manane yanayolingana, tukaondoka. Suleiman, Bibi na Zuwena nyuma yangu kwenye gari ya Suleiman.

Tulipokaribia mtaa wa Ghala nikasikia harufu ya petroli. Hapa nataka niwe mkweli kabisa maana hili ndilo linaloniamsha usiku: nilisikia. Nilijua ni kali kuliko kawaida. Lakini mikono yangu ilikuwa ikinuka petroli kwa wiki tatu, hata mkate nilikuwa naula una ladha yake, nikajiambia ni mikono. Kusimama njiani na kufungua turubali mbele ya kaka yangu ilikuwa ni kukiri kwamba haikukamilika, na mimi nilikuwa nimeshawaambia watu imekamilika.

Haikupita dakika tano, mbele kidogo baada ya kuingia njia ya shamba, injini ikakohoa mara mbili ikazima.

Mtu mwenye akili angeangalia kwanza kama mafuta yapo. Mimi nikafungua boneti, nikavua kofia, nikaifungua kabureta pale kandoni mwa njia, joto linapanda kutoka kwenye lami, nikaanza kuwahutubia binamu wawili waliokuwa wakienda shambani wakasimama kunitazama kwamba bila shaka boya limekwama kwa joto, ni jambo la kawaida, msijali. Nikazipanga skrubu juu ya kitambaa kwa ukubwa wake.

Suleiman akaja. "Mafuta unayo?"

"Nimejaza dumu zima leo asubuhi."

"Umeangalia?"

"Suleiman, nnajua ninachokifanya."

Bibi akateremsha kioo. "Harithi, mbona nnasikia harufu ya petroli?"

"Mikono yangu, Bibi."

"Mikono yako iko huko, mjukuu wangu, na mie niko huku."

Nikainama tena kwenye kabureta. Simu ya Suleiman ikalia, ni Ami Khalfan, sauti yake tuliisikia wote: makaa tayari, watu tayari, nyinyi mko wapi? Basi nikarudisha kabureta haraka haraka, Suleiman akatoa kamba, akaifunga pikapu nyuma ya gari yake, na mimi niliyetaka kuingia kwa kishindo nikaingia shambani navutwa kama mbuzi, naendesha injini iliyokufa, wanaume wamejipanga kandokando ya tanuri na mapakacha yao, na mmoja akaniuliza kwa heshima zote kama hii ndiyo ile iliyofufuka.

Hapakuwa na muda. Mafundo yangu manane yakakatwa kwa kisu. Suleiman akachukua pakacha moja, binamu la pili, mimi la tatu, moshi wa kuni umejaa kila mahali hata huwezi kusikia harufu ya kitu kingine. Niliona limelowa. Nikadhani ni siki ya viungo. Ami Khalfan akapiga ukelele, "Yallah!", na tukakimbia.

Nilikuwa hatua saba au nane kutoka kwenye shimo la moto, pakacha begani, kitu cha baridi kinanitiririkia mgongoni ndani ya kanzu, pale bakora ya Ami Khalfan iliponipiga kifuani.

"Simama! Ya walad, we kijana, simama! Hiyo nini?"

"Shuwa, Ami."

Akanusa bega langu. "Shuwa hiyo? Hiyo bomu! Suleiman, tupa! Tupeni chini, rudini nyuma!"

Wote wakasimama. Nyumba nane zimesimama na nyama zao begani, makaa yanajila, na kila mtu ananitazama mimi, niliyelowa petroli kutoka shingoni mpaka kiunoni. Hapo ndipo nikageuka nikaliona dumu, jeupe, tupu kabisa, na shingo yake imepinda kama shingo ya kuku aliyechinjwa, na klipu tatu zote zimeangalia kulia.

"Sisi wengine twende!" akaita Ami Khalfan. Wakatupa yao. Mfuniko ukashuka, tope likamwagwa, tanuri likafungwa, na mapakacha yetu matatu yamebaki nje mchangani. Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningeona raha. Mtu mmoja aliniletea ndoo ya maji na sabuni, na Suleiman akanivisha shuka lake, na hivyo ndivyo nilivyokwenda mpaka kwenye gari kumwambia Bibi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu. "Yote matatu?"

"Yote, Bibi."

Akapandisha kioo. Zuwena pembeni yake alikuwa anatazama mbele, na alitazama mbele mpaka nyumbani.

Kesho yake tanuri lilipofunguliwa, zile nyumba nane, bila ya kuambiana, kila moja ilimega fungu katika shuwa yake ikatuletea. Sahani nane. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango, kwa sababu Bibi alisema nifungue mimi. Kila sahani nilisema ahsante, na kila ahsante ilitoka ndogo kuliko ya kabla yake.

Wageni wakaja, wakakaribishwa majlisi, chumba cha wageni, sinia la wali likawekwa na shuwa ya nyumba nane juu yake imechanganywa. Mzee Hemed akala kwa furaha. Bibi alipokuja mpaka mlangoni kuwasalimia, mzee akainua mkono wenye tonge.

"Bi mkubwa, Mwenyezi Mungu akupe afya. Hii ndiyo ile ya Unguja? Kumbe walikuwa hawakukusifu vya kutosha."

Suleiman, kwa nia njema, akasema, "Ndiyo, Mzee. Mkono wake huo."

Nikamtazama Bibi. Hakukataa, kwa sababu angekataa ingebidi aseme kwa nini, na aliyeharibu ni mjukuu wake mbele ya wakwe. Akainamisha uso tu. Siku tatu za kusaga, mkono umevimba, na sasa anasifiwa kwa chumvi ya watu wengine, na ananyamaza kunilinda mimi.

"Si yake," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya kuku. "Yake ni nzuri kuliko hii, Mzee. Yake niliimwagia petroli."

Nikaeleza yote. Kabureta, dumu, skrubu, harufu niliyoisikia nikanyamaza. Mposaji alikuwa anatazama zulia. Mzee Hemed aliacha kula. Akaniuliza, pole pole kabisa, "Kwa hivyo ulisikia, ukaendelea?"

"Ndiyo, Mzee."

Akalirudisha tonge siniani. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akaomba kitambaa, na nje ya mlango nikasikia wanawake nao, na juu ya wote Zuwena, ambaye tangu jana alikuwa hajatoa sauti.

"Basi mwakani inshallah nitakula ya Bibi," alisema mzee akifuta macho. "Lakini nataka kujua kwanza, nani ataipeleka?"

Na nyumba nzima, majlisi na jikoni, mpaka Bibi mwenyewe, wakajibu kwa sauti moja: "Suleiman!"

Nilicheka na mimi, uso unawaka. Pampu ilifika wiki iliyofuata, niliifunga, na pikapu inakwenda vizuri, na hakuna anayenisifu, na sidai. Nimeapa jambo moja tu: Bibi akiniuliza kitu, hata kama jibu linanivua nguo mbele za watu, nitamjibu kweli mara ya kwanza.