Midomo ya Kaka kwenye Kioo

Mama yangu hasikii. Masikio yake yaliondoka polepole, miaka ile alipokuwa akilisha mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, hapa hapa Nyangoto. Tangu hapo anasoma midomo. Ukitaka kuongea naye simama mbele yake, penye mwanga, na usiwe unatafuna mahindi. Kumsengenya ni kujitakia makubwa, maana anakusoma ukiwa ng'ambo ya uwanja.

Kwa hiyo kaka yangu, aliyekuwa dereva Uarabuni, hakuweza kumpigia mama yake simu ya kawaida kama watu wengine. Alitununulia laptopu, na rauta ndogo yenye laini na betri yake. Kila Jumapili Mama alikaa mezani akamsoma mwanawe midomo. Walikuwa wakicheka kabla mimi mwenye masikio sijaelewa kilichosemwa.

Siku ninayoikumbuka haikuwa Jumapili. Kaka alikuwa hospitalini huko huko, anasubiri kupasuliwa uvimbe kichwani. Madaktari hawakumficha: huenda asiamke. Aliniambia, "Nitapiga kwa video kabla hawajaniingiza. Nataka niseme na Mama mwenyewe. Usinisemee."

Na wiki hiyo ndipo rashi, ule mkurupuko wa kukimbilia dhahabu mpya, ilipofumuka upande wa Nyakunguru. Mtu mmoja aliokota jiwe lenye dhahabu ya kuonekana kwa macho, na habari ikakimbia kuliko yeye. Wageni walimiminika na sururu zao, wakalala hata kwenye vibaraza vya watu. Simu yangu ya maana ikaibwa sokoni mchana kweupe, nikabaki na kitochi kisichopokea video. Mama aliisikitikia simu ile kuliko nilivyoisikitikia mwenyewe.

Kaka alipiga mchana. Uso wake ukatokea, kichwa kimenyolewa, nguo za hospitali mwilini. Akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Picha ilikuwa imeganda.

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

Nilizima, nikawasha. Nilifunga kila kilichokuwa kimefunguka. Nikafuta hili na lile, hata mitihani ya wanafunzi wangu. Alama ya mtandao ikabaki kwenye kijistari kimoja. Niliilaumu rashi: mnara ni mmoja, na umati wote ule unautegemea huo huo. Nikampigia fundi wa kompyuta, ambaye duka lake lilikuwa na kufuli kwa sababu naye alikuwa shimoni anatafuta utajiri.

"Mwalimu, zima uwashe!" alipiga kelele katikati ya milio ya nyundo.

"Nimeshazima!"

"Basi isogeze karibu na rauta!"

Hapo ndipo penyewe. Rauta ilikaa chumbani kwa Mama, dirishani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeihamishia huko, na kwa miezi mingi ilifanya kazi bila shida. Kwetu Wakurya, mwanamume aliyekwisha kutahiriwa haingii anapolala mama yake. Hata nyumba ikiungua utajiuliza kwanza. Mke wangu angeweza kuingia, lakini alikuwa shambani, na majirani walikuwa wamekimbilia mashimoni.

"Mama, rauta iko wapi?" nilimuuliza, uso wangu kando ya kioo.

"Iko ndani. Iko salama."

"Niletee hapa."

"Niondoke, halafu yeye aanze kusema?" Akayarudisha macho kwenye kioo.

Nikabeba laptopu, nikabeba na kiti chake, tukazunguka nje hadi chini ya dirisha la chumba hicho. Pazia lilikuwa limefungwa, nami sikuthubutu kulifunua. Nikaishikilia laptopu ukutani kwa mikono miwili, na Mama akakaa mbele yake. Kijistari cha pili kikatokea, kikapotea. Nilikuwa na hasira na mnara, na wachimbaji, na mila za babu zangu. Nilimfokea hata kuku aliyepita.

Kaka alikuja vipande vipande. Mdomo umefumba, mdomo umepinda, mdomo wazi. Mama aliufuata kwa kidole.

"Amesema 'Mama'. Halafu? Halafu nini?"

Mimi nilinasa "wakati ule" na "usi", basi. Nusu neno ningelifikishaje? Mikono yenye glavu ikaonekana nyuma yake, ikashika kitanda. Kaka akainua kiganja. Kiganja kikaganda hapo hewani, kisha kioo kikawa cheusi.

Mke wangu aliporudi na jembe lake nilimtuma chumbani kabla hajanawa mikono. Akatoka mikono mitupu. "Dirishani hakuna kitu," alisema.

Mama aliposoma midomo yake, alifungua fundo la kanga akampa ufunguo. Rauta ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo, imefungwa kwa kufuli. Ndivyo tunavyoishi huku: kitu cha thamani hukaa kwenye bati. Wageni walipozidi, Mama aliiweka zawadi ya mwanawe mahali ambapo angeweka dhahabu.

Ilipotua mezani, vijistari vyote vilijaa mara moja. Nilitamani kuipasua laptopu ile.

"Sasa inafaa?" Mama aliuliza.

"Inafaa, Mama."

Tulipiga, hakupokea. Jua likiwa linashuka ikaita yenyewe. Hakuwa kaka. Alikuwa kijana wa Mugumu aliyeishi naye chumba kimoja huko Uarabuni. Picha ilikuwa safi, nikaona hadi jasho puani kwake.

"Shikamoo, Mama," alisema. Kisha akaanza kueleza taratibu kwamba kaka hakuamka, akiufungua mdomo vizuri kwa kila neno, kama kaka alivyowahi kumfundisha kuongea na Mama.

Mama alifumba macho. Hana njia nyingine ya kutosikia. Yule kijana akadhani amekosea, akarudia tangu mwanzo, polepole zaidi.