Niliingia Kwenye Nala ya Futi Sita, Uchafu Ukanifika Magotini

Urefu wangu ni futi tano na inchi moja.

Mwezi wa sita mwaka juzi niliingia kwenye mfereji ambao jiji lilisema una kina cha futi sita, na uchafu ukanifika magotini tu. Sijasimuliwa. Miguu hii bado inaniwasha nikikumbuka.

Naitwa Nagina. Nakaa Gulabpura, mtaa wa chini kabisa katika jiji letu hapa Sindh, Pakistan. Maji yote ya wenye nyumba za juu hushukia kwetu. Katikati inapita nala, mfereji mkuu wa maji ya mvua, wenye kila kitu isipokuwa nafasi ya maji: magodoro, mifuko, mbuzi waliokufa.

Nyumbani ninaye mama mkwe, Mama Bakhtawar. Hatembei. Analala kwenye kitanda cha kamba chumba cha chini, kwa sababu cha juu hatuna.

Na mvua za siku hizi si zile tulizokua nazo. Ya mwezi mzima inamwagwa alasiri moja. Mwaka uliotangulia maji yalifika kwenye kamba za kitanda chake. Tukampandisha juu ya meza, akakaa huko saa tisa nzima, akisoma dua na kuitukana serikali kwa zamu.

Kwa hiyo nala ikisafishwa, mama anapona. Isiposafishwa, ile meza haitatosha.

Mwezi wa nne wa mwaka juzi jiji likaja na bango kubwa: mpango wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Likaja na hema, viti, na mhandisi anaitwa Tufail, viatu vinang'aa kama sufuria ya harusi. Akahutubia weee. Mashine moja ikachota tope mara tatu mbele ya kamera, ikalimwaga pale pale ukingoni, ikazimwa.

Halafu yakaja maboksi ya biriani. Na daftari.

Kwetu, chakula cha wakubwa lazima uandikwe jina, wasije wa mtaa wa pili wakala cha kwenu. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kina mama, kwa hiyo daftari nilizungusha mimi. Asiyejua kuandika nilimshika kidole nikakichovya wino. Mama Bakhtawar nilimpelekea mpaka kitandani. Watu arobaini na mmoja.

Biriani yenyewe viazi vingi kuliko nyama.

Mashine haikurudi. Tope likaporomoka mdogo mdogo kurudi lilikotoka. Tulikwenda ofisini mara nne, na mara nne tukaambiwa kazi imekamilika. Hurmat, jirani yangu mshonaji, akawatumia ujumbe kwamba wasipokuja, tutawapelekea ndoo za tope mlangoni. Tukawaita na waandishi wa habari.

Walikuja, Tufail mbele na waandishi nyuma. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

"Imechimbwa futi sita," Tufail alisema, leso puani. "Ipo kwenye ripoti."

"Bwana Mhandisi, mimi sifiki futi sita. Nikiingia humo nitazama?"

"Dada, usituletee maigizo."

Nikafunga mtandio kiunoni, nikashuka.

Harufu sitawaelezea, wengine mnakula. Kuna kitu laini kilipasuka chini ya kisigino changu, na mpaka leo sitaki kujua kilikuwa nini. Nala ilikuwa imejaa hadi ukingoni, lakini nilisimama katikati juu ya takataka zilizoshindiliwa, tope magotini tu, mikono juu. Watu wakacheka. Nikajua leo kitaeleweka.

Kumbe mwenzangu Tufail alikuwa amejipanga.

Karani wake akampa daftari, akalifungua na kulinyanyua tulione sote. Lile lile nililolizungusha. Juu ya majina yetu, mahali palipokuwa patupu siku ya biriani, sasa pamepigwa chapa: sisi wakazi tunathibitisha kwamba nala imesafishwa kwa kina cha futi sita na tumeridhika.

"Sahihi ya kwanza ni yako, dada," alisema taratibu. "Sasa mwongo ni nani hapa?"

Kicheko kikakatika. Kinyaa kilichonipanda hakikuwa cha tope tena, kilikuwa cha mimi mwenyewe. Nilimuuza mama mkwe wangu kwa viazi.

Ili aibu itukolee vizuri, akaanza kusoma majina kwa sauti.

"Hurmat, mshonaji."

"Nipo," Hurmat akajibu. Akavua ndala, akashuka, akasimama pembeni yangu.

Akasoma jingine. "Nipo." Akashuka na huyo. Na jingine. Alipofika jina la tisa la orodha akashtuka kwamba kila anayemtaja anaingia mferejini, na kamera zote zimegeukia magoti yetu.

"Endelea, bwana," Hurmat akamwambia. "Kuna mmoja hujamwita. Yule wa chini kabisa ya ukurasa, mkaguzi aliyepima kina."

Jina lilikuwa la Tufail mwenyewe.

Alifunga daftari, akavitazama viatu vyake, akaenda kwenye gari.

Kesho yake picha ilienea jiji zima: wanawake tisa wamesimama ndani ya futi sita, magoti yanaonekana. Kabla ya adhuhuri mashine tatu zilifika, safari hii na malori ya kubeba tope. Siku kumi na moja baadaye mvua ikapiga. Maji yalifika kizingitini kwetu, yakaishia hapo. Mama Bakhtawar hakupanda meza. Serikali ilitukanwa kama kawaida.

Tufail hakufukuzwa. Walimhamishia bustani za jiji, ananusa maua. Hilo linanichefua kuliko tope.

Mwaka huu kaja mhandisi mwingine, hema lile lile, na biriani yenye nyama ya kutosha. Akaniambia kwa adabu zote, "Dada Nagina, tusaidie kuzungusha daftari."

Nikalipokea. Nikavua viatu, nikashuka nalo nala, nikawaambia wenzangu anayetaka kusaini anifuate huku.

Tope lilinifika mapajani tu, futi sita bado ni hadithi. Hakuna aliyesaini, na biriani ikapoa.

Ndugu zangu, ukiletewa sahani na karatasi kwa mkupuo mmoja, njaa yako isishike kalamu. Nenda kwanza kapime kina, tena kwa miguu yako mwenyewe.