Upande wa Kushoto wa Phelister

Ndete alishika kamera kwa mara ya kwanza kwa sababu ya farasi waliochechemea. Alikuwa amesomea miili ya wanyama chuo kikuu, akaajiriwa kwenye kliniki ya farasi upande wa pili wa mji, na kazi yake ilikuwa kuwarekodi wakikimbizwa polepole juu ya saruji. Kisha aliketi mbele ya kompyuta na kuipeleka video picha moja moja, mpaka aone ni mguu upi ukitua farasi huinua kichwa.

Farasi wenyewe aliwajua tangu utotoni. Baba yake, mzee Kyule, alikuwa mtunza farasi. Walikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli, kwa kuwa mama yake alikuwa karani wa reli, na kila Jumamosi baba alimchukua waende kazini kwake. "Muongeleshe kwanza," alimwambia. "Usimjie kwa mbele wala kwa nyuma. Simama karibu na bega, akusikie unavyopumua."

Kliniki ilifungwa. Mwaka huohuo mzee Kyule akafariki, na picha za mazishi alipiga Ndete mwenyewe. Alipima mwanga, akazunguka kaburi, akanasa sura za wote waliolia. Yeye hakulia. Alidhani machozi yangekuja baadaye, hayakuja. Mwili ulibaki kama fizi iliyodungwa sindano ya ganzi. Alihamia mtaa wa Tassia, ghorofa ya nne, akaishi kwa kupiga picha za harusi, na katikati ya wiki akipiga za viatu vya akala, vile vya matairi makuukuu, kwa wauzaji wa soko la Kariokor.

Wateja walimpenda. Hakumwambia mtu atabasamu. Alisimama kando, akaongea kidogo kwa sauti ya chini, akangoja mabega yashuke yenyewe.

Ndivyo alivyosimama Jumamosi ile kwenye harusi ya Phelister na Kweyu, katika uwanja wa kanisa huko Embakasi. Kweyu alikuwa fundi wa kiwandani, mcheshi, suti imemkaa. Phelister alitabasamu vizuri. Lakini kila Kweyu aliposogea kutoka kushoto, bega la bibi harusi lilipanda na uzito wake ukahamia mguu wa kulia kabla hajaguswa. Tabasamu halikubadilika hata kidogo.

Ndete alirudisha picha nyuma kwenye kioo cha kamera, moja moja. Mara moja si kitu, alijiambia. Akamwomba kaka wa bibi harusi asimame kushoto. Phelister akatulia. Akamwita mjomba, mtu mnene aliyemkumbatia kwa nguvu. Akatulia. Akamrudisha Kweyu. Bega likapanda.

Kweyu alipokwenda kuwasalimu wazee, Ndete alisogea karibu na Phelister kama anayetengeneza shela.

"Dada, kuna mahali panauma?"

"Ni hivi viatu tu."

"Viatu haviumi begani."

Phelister alitazama meza za chakula. "Piga picha, dada. Watu wana njaa."

Ndete alimwambia anakoishi: Tassia, geti la kijani, ghorofa ya nne. Halafu akapiga picha. Alimweka Kweyu upande wa kulia, na zikatoka nzuri sana. Baadaye alikula pilau yake yote akingoja kusikia uchungu, au hasira, au chochote. Hakusikia kitu.

Kweyu alimpigia simu wiki iliyofuata. "Ndete, umetutoa poa sana! Mabeste wote wanauliza nani alipiga."

"Asante," akasema.

Phelister alikuja mvua za masika zikiwa zimeshika, Jumapili mchana, na begi moja la nguo. Ndete hakumkimbilia. Alifungua mlango, akasimama kando, akamwacha aingie kwa wakati wake. Chai ilipochemka, Phelister aliuliza, "Ulijuaje?"

"Nilikaa na farasi."

"Usinichezee."

"Sichezi. Farasi aliyepigwa huhama kabla hujamfikia."

Phelister alishika kikombe bila kunywa. "Kwa hivyo ulijua, na bado ukapiga. Ukatupanga tukapendeza."

"Nilipiga."

"Mama yangu ameitundika ukutani, ile kubwa. Nikimwambia nimeondoka, ataiangalia hiyo asiniamini."

Ndete aliwasha kompyuta, akamfungulia zile ambazo hakumpa mtu. Phelister alizitazama moja baada ya nyingine: bega chini, bega chini, bega juu. Alirudia mara nyingi. "Nilidhani sionekani," alisema, kisha akalia sana, na Ndete akakaa ubavuni mwake, mkono ukiwa kwenye bega la kulia, macho makavu.

"Nipe hizi. Nampelekea mama."

Alikaa siku chache, halafu akaenda kwao Webuye, picha zikiwa kwenye simu. Baada ya muda alipiga simu kusema mama yake alizitazama zote, akaishusha ile ya ukutani, akauliza kama angependa ugali. Hajarudi kwa Kweyu. Kweyu alikuja kwenye geti la kijani kupiga kelele mara moja, majirani wakamfukuza.

Ndete bado anapiga harusi. Juzi kule Umoja aliona shingo ya bibi harusi ikikaza. Aliweka kamera mezani, akaenda kukaa karibu naye kwanza, bwana harusi akilalamika kwamba muda unaenda. Alijaribu kusikia moyoni kama yeye mwenyewe ameudhika. Alichosikia ni baridi ya viatu vyake tu, vilivyokuwa vimelowa mvua.