Mguu wa Nzige Asiye na Kichwa

Novemba 1954 nzige walishuka kijijini kwetu Mraru wakamaliza mtama wetu wote, hata mabua. Wiki ile ile nikapata kazi Voi, katika kibanda cha mabati ambamo Bwana Mtafiti, Mzungu mpole, alikuwa akichunguza miguu ya wadudu. Siku ya kwanza nilitakiwa kumletea nzige. Nisipomridhisha angemchukua mwingine, na nyumbani jiko lilikuwa baridi.

Mke wangu Wakesho alinisaidia kuwakamata alfajiri, wakiwa wamezubaa kwa baridi. Nilipokwenda kuoga akawachambua, kama tulivyozoea kabla ya kukaanga: anang'oa kichwa, kisha miguu. Tulifika Voi na kikapu cha kitoweo.

Bwana Mtafiti akachungulia. "Mama, mimi nilitaka miguu."

"Ningejua, Bwana, ningekuachia. Sisi tunaitupa, inakwama kooni."

Nikajua kazi imekwisha. Lakini yeye alichagua nzige mmoja ambaye Wakesho hakuwa amemmaliza, hana kichwa ila miguu ipo. Akagusa vinyweleo vya mguu kwa ncha ya unyoya. Mguu ukapiga teke.

Wakesho akaruka nyuma. "Si amekufa huyo? Sasa anampiga nani?"

Bwana Mtafiti alicheka mpaka akakaa. Kisha akatueleza, polepole, kana kwamba sisi ni watu waliosoma. Kifuani mwa nzige mna mafundo ya chembe za neva, na kila jozi ya miguu ina fundo lake. Kinyweleo kikiguswa, habari hupita kwenye neva hadi kwenye fundo, nalo huamuru msuli. Kichwa hakiulizwi. Akachoma fundo la nyuma kwa sindano: miguu ya nyuma ikatulia, ya mbele ikaendelea kujikunja kila alipoigusa. Sijaona tena kazi nadhifu kama ile.

"Kesho niletee wazima," akaniambia. "Na mama aje pia. Ana mikono myepesi."

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, chini ya wakubwa watatu. Walikuwa wazuri, lakini wa kwanza ndiye aliyenifundisha kutazama. Darasani sikukaa sana. Lakini hilo la mguu nalijua.

Siku ya mwisho ya Wakesho, hospitalini, alikuwa hafumbui macho wala haitiki. Daktari alimkwaruza wayo, mguu ukajivuta.

"Baba, umeona?" binti yetu akasema. "Mama ametusikia!"

Daktari alinitazama, nami nikamtazama. Nikaufunika mguu kwa shuka, nikaendelea kuushika.