Utando Ulioanikwa Juani

Kazini walimwita Bi Utando, na jina lile lilimkaa kama gauni la kushonesha. Mwanzoni lilikuwa utani wa fundi wa mashine za kupimia, bwana mmoja mrefu ambaye naye waliishia kumwita Kipimo. Baadaye hata mkuu wa utafiti akasahau kwamba mama yule ana jina alilopewa na wazazi wake.

Kazi yake ilikuwa kumimina. Alichukua uji mzito, mwangavu, aliokuwa ameupika mwenyewe kwa dawa za maabara, akaumwaga juu ya kioo, kisha akauvuta kwa ubapa wa chuma, taratibu, pumzi ameibana, mpaka ukaenea kama ukungu juu ya bwawa. Ulipokauka aliutumbukiza majini pamoja na kioo chake, akangoja. Utando ulijibandua wenyewe, kona moja kwanza, kama mtu anayeamka bila kutaka kuamka. Hapo ndipo alipopotelea. Macho yalikuwa pale, mwili ulikuwa pale, lakini ukimwita hakuitika, na wenzake walijua kumwacha.

Alikulia mtaa wa jenereta. Umeme ulipokatika, nao ulikuwa ukikatika kama kikohozi, kila duka liliwasha la kwake, na moshi ukaingia madirishani bila hodi. Baba yake ndiye aliyekuwa fundi wa mashine hizo. Alirudi nyumbani ananuka mafuta, kifua kikipiga filimbi, na kifua hichohicho kikamwondoa mapema. Binti yake hakuwahi kumwambia mtu kwamba ndiyo sababu ya kusomea kemia. Aliota tu, usingizini na nje ya usingizi, mashine isiyokohoa.

Na mashine hiyo ipo. Ni ndogo, haina makelele. Upande mmoja unapitisha haidrojeni, upande wa pili hewa ya kawaida, na katikati unaweka utando. Utando mwema ni bawabu. Chembe ndogo kabisa za haidrojeni huziruhusu zipite, na gesi yenyewe huizuia mlangoni. Umeme, kwa kukosa njia pale, huzunguka kwa waya, na katika kuzunguka kwake huwasha taa. Kinachotoka upande wa pili ni joto kidogo na maji. Basi. Alipowaeleza wageni jambo hili sauti yake ilishuka, kama anayesimulia habari za mtu anayempenda.

Shida ni kwamba mabawabu wake walichoka haraka. Wengine walitoboka, wengine walipasuka, wengine walilegea tu kwa joto wakaruhusu kila mpitaji. Mwishowe alipata uji aliouamini, lakini dawa mojawapo ikaisha, na kiwanda kilichoitengeneza kikaacha kuitengeneza. Ukabaki utando mmoja, mpana kama leso.

"Bi Utando, nikuambie ukweli," mkuu wa utafiti alisema. "Huu ukishindwa, meza yako wanaichukua watu wa betri. Nimekutetea mpaka sauti imekauka."

"Hautashindwa."

"Inshallah. Lakini meza haisikii inshallah."

Katika maabara yao utando haukupimwa siku ulipobanduka. Ulilazwa kwanza kwenye maji yaliyochujwa hata yakawa hayana ladha, mahali pa baridi pasipo na vumbi. Wiki ile wapaka rangi walikuwa wameingia, wanakwangua kuta, na vumbi lilitua hata kwenye kope. Bi Utando akautia utando wake kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, akaubeba mapajani mpaka nyumbani kama anayebeba mtoto mchanga, akausweka kwenye friji nyuma ya maziwa. Mumewe alikuwa safarini na lori lake. Mama mkwe alikuwa ameshajilaza. Hakuona haja ya kumwambia mtu, na kosa hilo lilikuwa lake.

Mama mkwe huyo alikuja kwao baada ya kufiwa na mumewe. Alisema anakuja kwa wiki moja, na mvua zikanyesha zikakatika bado yupo. Walimpenda, wakampumzisha, na kumpumzisha kule ndiko kulikomtesa. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwa akinung'unika. "Mimi mmeniweka kwenye kochi kama ua la plastiki." Basi akajitafutia jembe lake mwenyewe: kuosha. Aliosha vilivyochafuka na visivyochafuka, kwa maji ya moto na chumvi, maana chumvi, alisema, huondoa hata harufu ya fitina.

Kesho yake, wapaka rangi walipohamia korido ya pili, Bi Utando alirudi nyumbani adhuhuri kuuchukua utando. Alifungua friji. Nyuma ya maziwa hapakuwa na kitu. Chombo kilikuwa kando ya sinki, kimepinduliwa, kinang'aa. Akatoka mbio kwenda uani, na pale kwenye kamba, katikati ya soksi za mumewe na foronya, aliuona, umebanwa kwa vibanio viwili.

"Mama," alisema. "Hiki kilichoanikwa hapa..."

"Ile nailoni? Nimeikuta imelowa kwenye friji, inateleza kama kambare. Nikasema, huyu mwanangu na kazi zake, hata nailoni hana muda wa kuisuuza! Nimeisugua na chumvi yangu, imetakata. Tazama inavyong'aa."

Ulikuwa unang'aa kweli. Jua lilipita ndani yake likaangusha ukutani doa la nuru lililotikisika kama maji yanayofikiri. Miaka yote aliyoufanyia kazi alikuwa hajauona juani. Kwa muda mfupi, wa aibu, aliutazama tu kwa uzuri wake, akasahau kwamba unakufa. Kisha akauona ulivyojikunja kingoni kwa ukavu.

"Mama, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni nailoni?"

"Ndiyo. Na huo ndio wa mwisho."

Mama mkwe akavuta ndoo, akaipindua, akakaa juu yake. "Nimeiua?"

"Sijui." Bi Utando alikuwa akibandua vibanio kwa ncha za vidole. "Ndani yake kuna viti, mama, vidogo havionekani. Chembe za haidrojeni hukaa kidogo, huruka kiti cha pili, cha tatu, mpaka zikafika ng'ambo. Sasa chumvi imeingia. Imevikalia. Haipiti wala haiinuki."

"Kumbe chumvi ni kama mimi."

Foronya ilipepea kati yao.

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasemaje, nami nilikuja kwa wiki moja?" Alifuta mikono iliyokuwa mikavu. "Haya, niambie. Chumvi hiyo huondolewaje?"

"Kwa tindikali nyepesi. Tunauchemsha humo, halafu kwenye maji matupu. Ukiwa haujapasuka ndani."

"Basi unangoja nini? Twende. Nikibaki hapa nitaosha nini tena, paa?"

Maabara ilinuka rangi mbichi. Kipimo alimwamkia mgeni kwa heshima zote, kisha akaelezwa, na uso wake ukafanya kazi kubwa.

"Uliusugua, mama? Na chumvi?"

"Na nguvu pia, baba."

"Halafu ukauanika."

"Kando ya soksi."

"Mimi nimepima tando zilizoungua, zilizochanika, moja mwanafunzi aliikalia. Yenye alama ya kibanio, bado."

"Cheka tu, mwanangu, usijizuie. Utapasuka wewe kabla ya utando."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu wanaosubiri habari za wodini. Bi Utando alivaa glavu, akaulaza utando kwenye tindikali, akawasha jiko. Mvuke ulipanda ukamfunika uso. Utando ulizunguka polepole mle ndani, ukaanza kulainika, kingo zikajikunjua, na yeye akazama nao. Mama mkwe hakumsemesha. Alikuwa amemwona akiwa hivyo jikoni, mbele ya masufuria, akadhani ni kiburi.

Baada ya kuuchemsha tena katika maji matupu, waliuinua kwenye mwanga. Palipoumwa na vibanio palikuwa na nyufa. Katikati palikuwa pazima. Bi Utando akakata kipande hicho, akakilaza kati ya sahani mbili nyeusi, Kipimo akakaza boliti, gesi ikafunguliwa.

Mstari wa umeme kwenye skrini ulipanda, ukasita, ukaporomoka.

"Aa," alisema Kipimo kwa upole.

"Subiri. Ulikauka sana. Uache unywe kwanza."

Wakasubiri. Mstari ulilala chini kwa muda ambao hakuna aliyetaka kuupima. Kisha ukainuka, kwa kusuasua, kama mzee anayepanda ngazi mkono magotini. Ulipita mahali ulipokuwa umesitia, ukaendelea, ukatulia chini kidogo ya pale alipokuwa akipaota na juu kidogo ya pale alipoambiwa lazima afike.

Mkuu wa utafiti aliingia, akautazama mstari, akawatazama. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Bi Utando akamweleza yote: friji, chumvi, kamba, jua.

"Uliuosha kwa chumvi?"

"Mimi niliuosha," mama mkwe alisema. "Huyu hahusiki."

Mkuu alikuna kidevu. "Na bado unafanya kazi." Akaisogelea skrini. "Ukikaa hivi mpaka jioni, watu wa betri watafute meza kwingine."

Mchana ukasogea. Jua lilivuka dirisha moja likaenda la pili. Wapaka rangi walipita na ngazi zao, wakachungulia, hawakuona ila wanawake wawili wameketi mbele ya kijisanduku kisichotoa sauti. Kwenye bomba jembamba la pembeni maji yalikusanyika, yakavimba, yakadondoka ndani ya glasi. Mama mkwe aliweka kiganja karibu na mashine akauhisi uvuguvugu wake.

"Na moshi unatokea wapi?" aliuliza.

"Hakuna."

Akatikisa kichwa, akaegemea meza, na baadaye kidogo usingizi ukamchukua, mdomo wazi, mikono mapajani.

Jioni Kipimo alivua koti lake jeupe, akachungulia skrini mara ya mwisho. "Haujashuka," alinong'ona. "Nimwamshe mama, niwaitie teksi?"

"Mwache kwanza," alisema Bi Utando, bila kuondoa macho kwenye mstari. "Yuko mezani kwangu."